Zamu ya Saa Sita

Mwaka 1966, nikiwa na miaka minane, majirani zetu wa Matete walianza kumwogopa baba yangu. Hakuna aliyetuambia waziwazi. Tulihisi tu, kama watoto wanavyohisi mambo. Mama wa boma la pili aliacha kuja kuomba moto alfajiri, na tukienda mtoni kuchota maji wanawake walishusha sauti hadi tupite. Siku moja msichana wa rika langu aliniuliza kama ni kweli baba yangu hulala mchana. Nikamjibu ndiyo, akija likizo hulala mchana. Alijitwika mtungi wake kabla haujajaa, akaondoka.

Aliyekulia kwetu ataelewa mara moja. Kuna watu ambao, inasemwa, hutoka usiku wa manane wakakimbia uchi, wakagonga milango ya wenzao na kurusha mchanga juu ya paa. Ni jambo la kurithi, huingia katika ukoo na haliondoki. Mtu akionekana mara mbili tatu akizunguka bomani gizani bila taa, akisimama mlango huu na kuhamia ule, watu hawahitaji ushahidi mwingine. Binti zake hawataolewa jirani.

Na baba alizunguka kweli. Nilimsikia mara nyingi kutoka kwenye mkeka wetu: hatua zake kavu nje ya ukuta, kimya kirefu, kisha hatua tena. Alianzia kwenye zizi, akapita ghala la mahindi, jiko, nyumba ya kukhu, mama mzazi wa baba, akaishia mlangoni petu, na hapo alisimama muda mrefu kuliko kwingine kote. Kabla ya jogoo wa kwanza alirudi kulala, na akilala hivyo hata ng'ombe wakilia hakuamka mpaka jua likiwa juu.

Baba alizaliwa mwaka 1932. Alipotimiza miaka 20 alikwenda Kisumu, kama walivyofanya vijana wengi wa Kitachoni na Kikabarasi waliochoka kungoja mvua na mavuno ya watu wengine. Siku hizo reli, bandari na meli za ziwani zote zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Alianza kwa kubeba magunia gatini. Baadaye mtu mmoja alimwona akiwa ameinama juu ya winchi iliyokuwa ikipiga kelele isiyo yake, akiisikiliza, akamwuliza anafanya nini. Baba akaonyesha kwa kidole mahali penye shida. Wiki iliyofuata alishushwa chumba cha mitambo cha meli ya mvuke, apake mafuta na kufuta grisi, na tangu hapo hakupanda tena juu kikazi mpaka anastaafu. Usoga, Rusinga, Nyanza: majina ya meli hizo niliyajua kabla ya kujua majina ya wilaya za Kenya.

Watu wa bara wakisikia baharia huwaza Mombasa na maji ya chumvi. Lakini ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, na ukiwa katikati yake huoni nchi upande wowote. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 kwa sababu ya ziwa hilo. Mizigo ya Uganda ilishushwa hapo kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa melini. Meli zenyewe zilijengwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa na kuungwa upya ufukweni. Baba aliishuhudia Victoria ikiungwa hivyo hapo Kisumu, na ilipoanza safari zake mwaka 1961 alikuwa mmoja wa watu wa mitambo yake. Miaka yote aliyoishi aliitaja kama mtu anavyomtaja dada yake aliyeolewa vizuri.

Kisha ikaja Uhuru. Hii ilikuwa meli ya kubeba mabehewa ya treni, na pacha wake aliitwa Umoja. Reli ilipita juu ya gati, ikavuka daraja la chuma na kuingia melini, na mabehewa kama 20 yakasukumwa ndani na shehena yake yakiwa hayajafunguliwa, yakafungwa kwa minyororo na kwenda Jinja, Port Bell, Musoma au Mwanza. Baba alituambia kwamba ugumu wa kazi ile ulikuwa upakiaji. Huwezi kujaza reli ya kushoto kwanza halafu ya kulia, maana meli italala ubavu hapo hapo gatini. Ni huku kidogo na huku kidogo. Na mpaka leo kwetu magunia ya mahindi huingia ghalani hivyo, huku kidogo na huku kidogo, ingawa ghala halijawahi kuelea.

Mwaka huohuo wa 1966 alihamishiwa Uhuru akapewa zamu. Mtu wa mitambo hahesabu kazi yake kwa siku. Hukaa chini saa nne, akapumzika saa nane, akashuka tena. Zamu ya baba ilikuwa saa sita hadi saa kumi, mara moja mchana na mara moja usiku. Ile ya usiku ndiyo iliyomwingia mwilini. Hata alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa basi la kutoka Kisumu lililopita Kakamega na Malava, ikifika saa sita macho yalifunguka yenyewe. Hakuwa na saa ya kengele. Mama alisema alikuwa akiketi kitandani wima kama mtu aliyeitwa, akavaa viatu, akatoka.

Maneno ya majirani yalipomfikia kukhu, hakwenda kugombana na mtu. Alingoja mwanawe aje. Usiku wa kwanza wa likizo alijifunga blanketi akaketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, gizani. Mimi nilikuwa nimelala kwake usiku huo, na mlango aliuacha wazi kidogo, kwa hiyo niliyasikia haya kwa masikio yangu.

"Mwanangu, unatafuta nini usiku?"

"Sitafuti kitu, mama. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

Baba alikaa kimya kidogo. "Kama kila kitu kinakwenda sawa."

Kukhu hakusema neno. Nilisikia kigoda kikisogezwa na baba akiketi chini kando yake. Walikaa hivyo sijui muda gani, maana usingizi ulinichukua. Asubuhi kukhu alikwenda mtoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, na huko mbele ya wanawake wote akasema kwamba mwanawe ameajiriwa na serikali kulinda usiku, na analinda boma lake na maboma ya wengine yaliyo karibu bila kudai malipo. Haikuwa kweli kabisa, na haikuwa uongo. Mama wa boma la pili alirudi kuomba moto.

Mama ndiye aliyenieleza, nilipokua, kwa nini zamu ile ilimkaa baba hivyo. Ziwa letu lina tabia yake. Mchana jua hupasha nchi kavu kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kupanda huku milimani, na ndiyo sababu mvua ya Kakamega hunyesha alasiri, wakati mwingine na mawe juu yake. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, upepo ukashuka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Hapo ndipo radi zinapoanza, usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wavuvi wengi wamefia ziwani saa hizo. Kwa hiyo zamu ya baba ilikuwa ndiyo zamu ya dhoruba. Aliye juu huona wimbi likija. Aliye chini hana dirisha; ana sauti tu. Injini hubadilisha mlio wakati rafadha inapotoka majini, na mwenye zamu lazima aisikie kabla haijaanza kuzunguka ovyo, apunguze mwendo, aongeze tena, apunguze tena, huku akijua kwamba juu ya kichwa chake kuna mabehewa yaliyojaa, na kinachoyazuia ni minyororo.

Tukiwa wadogo tulitazama umeme ukimulika mbali upande wa kusini magharibi, bila ngurumo, bila tone la mvua kwetu. Mama alikuwa akisimama mlangoni. "Mwende mkalale," alituambia, lakini yeye hakuja.

Nzoia hupita nchi yetu ikielekea maporomoko ya Nabuyole, pale Webuye, kisha Mumias, kisha Budalang'i, inakomea ziwani. Tulipofundishwa hilo shuleni mimi na kaka yangu tulianza kumpelekea baba vitu. Tulitupa mtoni magunzi ya mahindi tuliyoyachonga alama kwa kisu, na akija tulimwuliza kama yamefika. Baba mwingine angecheka. Yeye alitueleza kwamba Nzoia huingilia Budalang'i, naye akitoka kwenye ghuba ya Kisumu kwenda Jinja hupita mbali na hapo, kwa hiyo hajaliona gunzi, lakini maji ni yaleyale, na tukitaka tuendelee.

Kulikuwa na jambo la firigisi. Kwetu firigisi la kuku, imondo, ni la mwenye nyumba. Akikosa kupewa, ni kama ameambiwa hana mji. Sasa mwenye nyumba yuko majini wiki nne, na wageni huja, na kuku huchinjwa. Mama alilisafisha kila firigisi, akalichoma kwenye kijiti na kulining'iniza juu ya meko likauke kwa moshi. Baba akifika, kabla ya uji, kabla ya habari za ng'ombe, kijiti kilishushwa. Wakati mwingine yalikuwa matatu, wakati mwingine moja. Mji ulikuwa umemngoja.

Naye alikitoa kisu chake cha mfukoni akayakata vipande vidogo mno, akatuzungushia wote, hata mimi niliyekuwa msichana. Siku hizo mwanamke wa kwetu hakula kuku, sembuse firigisi. Kukhu aliona kipande kikiingia mkononi mwangu akageuza uso kuelekea ukutani. Baba alimwambia kwa upole, "Mama, kule majini kilicho cha mmoja ni cha wote waliomo." Nilikitafuna polepole kile kipande. Kilikuwa kigumu kama ngozi na chenye ladha ya moshi. Kuku wote niliowala tangu siku hiyo, na ni wengi, hawajafikia ladha yake.

Desemba 1968 alinichukua Kisumu. Nilikuwa na miaka 10, nimevaa viatu vya kaka yangu. Nayakumbuka maji kwanza, yalivyokuwa hayaishi, halafu harufu ya dizeli, samaki na reli iliyopashwa jua. Meli ilikuwa gatini ikijiandaa. Injinia wa zamu alimruhusu baba kunishusha, nami nikateremka ngazi ya chuma nikimfuata kisigino, kila kidato kikinitetemekea mikononi. Chini kulikuwa na joto la jiko na kelele iliyoyafuta mawazo yote kichwani. Watu waliovaa ovaroli walizungumza kwa vidole. Baba aliyekuwa mpole nyumbani, aliyetembea kana kwamba anaogopa kuamsha mtu, huko chini alitembea kwa upana kama mwenye shamba.

Alitoa mfukoni bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Akaiweka ncha yake ya chuma juu ya injini, na mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio langu. Ile kelele kubwa ikatoweka. Badala yake nikasikia kitu kidogo, karibu sana, ndani ya kichwa changu: tk, tk, tk, tk, laini, kama kukhu akichambua maharagwe kwenye ungo. Akaisogeza ncha shubiri moja. Hapo mlio ulikuwa mwingine, mzito, wenye mkwaruzo kidogo. Alinitazama usoni kuona kama nimeisikia tofauti. Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka, sikumsikia, niliona meno tu, akamwita mwenzake na kumwonyesha mimi kwa kidole gumba.

Huyo mwenzake alikuwa Mhaya, mtu wa upande wa Bukoba. Walikuwa wamekaa zamu moja tangu Victoria, miaka saba. Kwa mkono wake nilipokea siku ile kitu kilichofungwa kwa ganda la mgomba, kumbe ni buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Kwao ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Baba alikuwa akija nazo nyumbani kila mara, na kukhu alizipenda kuliko sukari. Hakumwona yule mtu maisha yake yote, lakini alimwita mwanangu wa kahawa, na kila baba alipoondoka alimpa mahindi ya kuchoma ampelekee.

Hiyo bisibisi ilifanya kazi nyingi Matete. Sokoni kulikuwa na mashine ya kusaga, na baba akipita alisimama, akasikiliza, akaingia, akaiweka bisibisi juu ya beringi na kumwambia mwenye mashine, "Hii ina wiki mbili." Mara ya kwanza hawakumwamini. Ikafa siku ya 11, katikati ya mavuno. Tulipougua kifua alituegemezea sikio lake mgongoni akafumba macho. Kaka yangu mdogo alipougua mwaka 1971, mama alidhani ni mafua. Baba alisikiliza upande wa kulia, akasikiliza wa kushoto, akarudi wa kulia. Akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka kama mwanamke, kwenye mvua, akatoka naye kutafuta gari la kwenda hospitali. Ilikuwa nimonia. Kaka yangu sasa ana wajukuu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Vitabu vinaeleza sababu zake, na sitaki kuzirudia hapa. Februari mwaka huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa na ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Meli ziligawanywa kama mali ya ndoa iliyokufa. Victoria ikabaki Tanzania. Umoja ikabaki Tanzania. Uhuru ikawa ya Kenya. Baba hakuwa mtu wa siasa, lakini alilisema hilo mara nyingi, taratibu, akiwa amekaa na mikono magotini: "Wao wamechukua Umoja. Sisi tumebaki na Uhuru." Kisha akanyamaza, na sisi tukajua tusimwulize kitu.

Yule Mhaya alikuwa amekwisha kuhamishiwa Umoja, Mwanza. Hawakuagana. Safari ya mwisho walipokutana walipungiana mikono, mmoja gatini na mwingine kwenye sitaha, kama watu wanaojua wataonana baada ya wiki mbili. Kahawa ikakoma. Kukhu alikufa mwaka 1980, na katika siku zake za mwisho aliniuliza kama yule mwanawe bado amekasirika.

Baba alistaafu mwaka 1987 akiwa na miaka 55. Kufikia hapo masikio yake yalikuwa yamekwisha. Miaka 35 ya mitambo huyala masikio polepole, na enzi zake watu walijiziba kwa pamba, wakati mwingine hata pamba haikuwapo. Ninapoandika haya bado inaniuma. Sikio lilikuwa ndiyo kazi yake na lilikuwa ndiyo mapenzi yake kwetu, na lilitumika likaisha kama tambara. Aliongea kwa sauti kubwa bila kujua. Wajukuu walimwogopa mpaka wamzoee. Lakini saa sita ikifika bado alitoka. Hakuweza tena kusikia kama ng'ombe anapumua vizuri, kwa hiyo alimwekea kiganja ubavuni. Milango aliigusa. Watoto aliwaweka mkono mgongoni, mwepesi, asiwaamshe. Usiku upepo ukitoka Webuye ulituletea harufu kali ya kiwanda cha karatasi, na mama alikuwa akisema baba aliweza kujua saa kwa harufu hiyo.

Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne, nilikuwa nimekuja kuwaona. Redio ilisema meli ya abiria imepinduka karibu na Mwanza ikitoka Bukoba. Ilikuwa MV Bukoba, meli iliyoanza kazi baada ya ndugu kutengana, ambayo baba hakuwahi kuikanyaga. Nilimwandikia habari ile kwenye karatasi, maana kumpigia kelele nilishindwa. Aliisoma. Akanyoosha kidole kwenye neno Bukoba na kukiacha hapo.

Kwa siku kadhaa habari ziliongezeka: kwamba ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi, kwamba waliokufa walikuwa zaidi ya 800, kwamba ilielea chali kwa saa kadhaa na watu waligonga kutoka ndani, kwamba waokoaji walitoboa tumbo lake wawatoe, na ikazama. Kijana wangu wa miaka 12 alimwuliza babu yake kwa maandishi: kwa nini izame baada ya kutobolewa, na maji yalikuwa tayari yameingia?

Baba alikwenda jikoni akarudi na karai la maji na kopo tupu la Kimbo. Akalipindua kopo, mdomo chini, akaliweka juu ya maji na kulishika kwa vidole viwili lisianguke. Likaelea. Akamwonyesha kijana kwa mkono: hewa imo humu, imebanwa, haina pa kutokea, na hiyo ndiyo inayolibeba. Kisha akachukua msumari na jiwe, akalipiga kopo tundu moja juu. Kijana wangu alisikia mlio mwembamba wa hewa ikitoka. Baba hakuusikia, lakini alikuwa ameweka kidole juu ya tundu na nikaona anauhisi. Kopo likashuka taratibu, likajaa, likagusa chini ya karai. Hakulitoa. Alilitazama pale chini, kidole kikiwa bado majini, na machozi yakamdondoka karaini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

"Walitaka kuwaokoa," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Msiwaseme vibaya. Ukisikia mtu anagonga, utafanya nini?"

Aliandika barua kwenda Bukoba, kwa jina la mtu yule na la kijiji chake kama alivyolikumbuka. Haikujibiwa. Usiku wa tarehe ile, na wa siku nyingine kadhaa, hakuzunguka boma. Aliwasha taa ya chemli akaiweka barazani na kuketi kando yake hadi saa kumi.

Mara ya mwisho kwenda naye Kisumu ilikuwa wakati wa magugu maji, miaka ile ya 1997 na 1998. Ghuba yote ilikuwa kijani, kutoka gatini mpaka macho yanapokoma, yenye maua ya zambarau, na ndege wanatembea juu yake. Alisimama kwa fimbo yake akilitafuta ziwa. Nilimwomba twende tukanywe chai. Alikataa, akataka kwanza kuishika Uhuru. Mlinzi wa bandari, kijana mdogo, alimsikiliza mzee huyu anayepiga kelele kuhusu injini, akatufungulia. Baba aliweka kiganja chake kwenye ubavu wa chuma, akakaa nacho hapo. Hakukuwa na kitu cha kuhisi, injini zilikuwa zimezimwa. Alikaa nacho hata hivyo.

Alikufa mwaka 2006. Tulimzika karibu na ghala. Mwaka uliofuata au karibu na hapo Uhuru nayo iliegeshwa Kisumu, ikakaa hapo ikishika kutu zaidi ya miaka 10.

Desemba 2019 nilikuwa Matete kwa ajili ya Krismasi. Mama alikuwa na miaka 81, haoni vizuri, anasikia kila kitu. Redio ikatangaza kwamba Uhuru imefufuliwa, imepakia mafuta na inakwenda Port Bell. Aliniambia niongeze sauti. Kisha akauliza imeondoka saa ngapi. Hawakusema saa.

"Basi usiku itakuwa katikati," alisema. "Wa zamu ya saa sita ni nani?"

"Sijui, mama."

"Ana watoto?"

Nilimwambia lazima atakuwa nao. Alitikisa kichwa, akaniomba nisizime taa ya barazani. Niliamka saa tisa usiku kwenda kumwangalia, nikamkuta ameketi kitandani wima, blanketi mabegani, uso ameuelekeza dirishani upande wa ziwa.

"Mama, lala."

"Bado saa moja," alisema. "Wewe nenda."